Bedilaina juu ya chumvi: kisa cha pikapu ya samaki ya Mambrui

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980, ya dizeli, injini bado nzima na giaboksi haina neno. Kilichokuwa kikiiua ni bodi ya nyuma. Alfajiri huenda Ngomeni kuchukua samaki waliolazwa kwenye barafu, ikirudi hupitia Gongoni kupakia magunia ya chumvi ya mawe kwa ajili ya wanaokausha ng'onda, kisha huvuka daraja la Sabaki kuingia Malindi mjini. Barafu ikiyeyuka, maji yake huchanganyika na damu, mafuta ya samaki na chumvi iliyodondoka maguniani, na mchanganyiko huo hulala kwenye mifereji ya sakafu ya bodi mpaka jioni. Kwa bati la gari, hakuna shehena mbaya kuliko hiyo pwani nzima.

Mwenye gari ni mzee wa Mambrui, kaskazini ya Malindi kwenye pwani ya Kenya, aliyesomesha watoto wake kwa pikapu hii. Hataki kusikia habari za kuiuza, na mimi naona ana haki. Gari la chuma kinene, lisilo na kompyuta, linalotengenezeka chini ya mwarobaini, ni mali. Mwanawe mmoja ndiye aliyemletea kopo la bedilaina kutoka Mombasa, akamwambia kutu imepata mwisho wake.

Bedilaina ni rangi nzito ya poliyurethani, mara nyingi yenye chembe za mpira ndani yake, iliyobuniwa ili mizigo isichubue bodi za pikapu. Kwa mtu anayejipakia mwenyewe zipo za namna mbili. Kuna ya kopo moja, kama Herculiner, ambayo hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa na hupakwa kwa rola na brashi. Kuna ya kuchanganya, kama Raptor, ambayo chupa yake huwa na mililita 750 za rangi, ukaongeza mililita 250 za hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ukatikisa na kuipuliza kwa kompresa. Iliyotumika hapa ilikuwa ya kopo moja. Namna zote mbili zilitengenezwa zivumilie kukwaruzwa na kugongwa. Kazi ya kuzuia kutu ni mzigo tunaozitwika sisi, na zinaweza kuubeba kwa masharti tu.

Kazi ya kwanza nitaieleza bila kumtaja fundi wala gereji, maana alichofanya ndicho kinachofanywa karibu kila mahali. Kutu iliyoonekana ilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka bati likang'aa. Matundu kwenye kona ya mbele, nyuma tu ya kibanda cha dereva, yalizibwa kwa puti, ule udongo wa kujazia bati. Bodi ikaoshwa kwa maji ya kisima cha nyumbani, ikaachwa juani, ikapanguswa kwa kitambaa chenye petroli, na alasiri rola ikaanza kupita. Mkono wa pili, yaani tabaka la pili, ulipakwa jua likizama. Praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma, haikupakwa, kwa hoja kwamba bedilaina yenyewe ni nzito.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya sifa tupu. Bodi ilikuwa nyeusi, kavu, haitelezi, kreti za samaki hazihami hata kwenye kona. Masika yakapita, kusi ikavuma, na ilipokaribia kutulia mzee akaanza kusikia sakafu ikilia chini ya viatu kama ganda la yai. Ndipo nikaitwa kuitazama.

Nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki. Dawa ilikuwa moja, kopo moja, siku moja, mkono wa mtu mmoja. Matokeo yalikuwa matatu.

Kwenye mbavu za bodi, upande wa kushoto na kulia, bedilaina ilikuwa imeshika kabisa. Nilijaribu kuingiza ncha ya kisu ukingoni ikakataa. Nilipokwangua kipande kwa nguvu, chini yake nilikuta rangi ya kiwandani, ya bluu, na chini ya rangi hiyo praima ya kiwandani bado iko. Hakukuwa na kutu hata chembe.

Sakafuni kulikuwa na malengelenge, mengine madogo kama punje ya kunde, mengine mapana kama kiganja. Nilipasua moja. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, na bati lililokuwa chini lilikuwa na unga mweusi uliolowa. Tuliliacha wazi tukakaa kunywa kahawa. Tuliporudi ule weusi ulikuwa umeshaanza kugeuka rangi ya chungwa pembeni. Kutu nyeusi ni kutu iliyokosa hewa ya kutosha. Ikiipata, inakuwa ile nyekundu tunayoizoea. Maana yake chini ya lengelenge bati lilikuwa likiliwa gizani muda wote, na juu yake mtu anaona weusi safi wa rangi.

Kona ya mbele na juu ya madigadi palikuwa pabaya zaidi. Puti ilikuwa imesukumwa nje nzima nzima, na bedilaina ikabaki imening'inia kama ngozi juu ya tundu. Nilibonyeza kwa kidole kikapita.

Mzee aliyaangalia yote hayo, akasema, "Mwanangu, dawa hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haifai."

Nikamwambia, "Mzee, ubavuni imeshika, na dawa ni hiyo hiyo. Na hizo nchi za baridi nako barabara hutiwa chumvi ili theluji iyeyuke. Magari yao huliwa na chumvi kama yetu."

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, na wengi Malindi wanaisema. Lakini ule ubavu unaikataa. Tofauti ya ubavu na sakafu ilikuwa ni kile kilichokuwa chini ya dawa kabla kopo halijafunguliwa.

Watu wengi hudhani kutu inahitaji mvua. Inahitaji chuma, oksijeni na maji kidogo sana, na maji hayo chumvi huyatafuta yenyewe hewani. Chumvi ya kawaida hunyonya mvuke na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Kila nyumba ya Malindi inalijua jambo hili kwa chumvi inayolowa ndani ya kikopo jikoni bila kumwagiwa tone. Usiku wa huku hewa hupita kiwango hicho mara kwa mara. Kwa hiyo bati lililoshika chumvi halikauki kweli kweli hata kiangazi, linaonekana kavu mchana tu. Na chumvi haiishi kwa kutumika. Kloridi iliyomo huingia kwenye vishimo vya kutu, maji ya humo yakawa na uchachu na kupitisha umeme mdogo unaokula chuma. Chuma kikishageuka kutu, kloridi inabaki palepale, tayari kuanza na tabaka linalofuata.

Sasa weka rangi juu ya hali hiyo. Hakuna rangi isiyopitisha mvuke kabisa, hata iwe nene vipi. Chumvi iliyofunikwa huuvuta mvuke huo taratibu kupitia kwenye rangi mpaka maji yakusanyike chini yake, na kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, ikainua rangi kutoka chini. Lengelenge lile la sakafuni lilitengenezwa hivyo. Unene wa bedilaina haukusaidia. Uliongeza madhara, kwa kuwa rangi nyepesi ingepasuka mapema na mzee angeona.

Brashi ya waya nayo ina lawama yake. Huling'arisha bati juu juu na kuacha vishimo vimejaa kutu na chumvi. Kwa macho bati ni jeupe, na fundi anaridhika. Petroli huacha utando wa mafuta, na juu ya sakafu iliyonywa mafuta ya samaki kwa miaka mingi ilikuwa ni kuongeza mafuta juu ya mafuta.

Ila jambo lililonishughulisha kuliko yote ni maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari, kuanzia Mambrui mpaka mitaa ya Malindi yenyewe, vina maji ya chumvichumvi. Tunaoshea magari maji hayo kwa kuwa ni ya bure, yanakauka, na chumvi yake inabaki juu ya bati. Bodi ile ilioshwa kwa nia njema kabisa na ikapakwa chumvi upya saa chache kabla ya rangi. Nimeona magari mengi yasiyowahi kubeba samaki wala kufika ufukweni yakiliwa chini, na wenyewe wanashangaa kwa sababu wanayaosha kila wiki.

Kuhusu saa ya kupaka nitasema kwa ufupi. Bedilaina ya kopo moja hupenda unyevu wa hewa, lakini haishiki juu ya bati lenye umande, na jua likizama Mambrui bati hupoa haraka kuliko hewa. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi zaidi ya kiwango ambacho umande huanza kushika. Kwetu hiyo ni kazi ya kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, siku isiyo na mvua, ndani ya kivuli kilichozibwa upande wa bahari. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri.

Kazi ya pili ilisubiri miezi hiyo, mzee akivumilia sakafu ya mbao kwa muda.

Sakafu yote ilikwanguliwa mpaka chuma. Kabla ya kukwangua, bodi ilisuguliwa kwa sabuni ya unga na maji moto ili mafuta ya samaki yatoke. Utaratibu huu si wa kugeuzwa: ukianza na msasa, mafuta unayasaga yaingie ndani ya mikwaruzo. Kisha grinda yenye kikombe cha waya, msasa mkavu wa namba 40 na 80, na penseli ya chuma ya kukwangulia vishimo kimoja kimoja. Kuna mtu alijitolea kuleta mashine ya kupuliza mchanga, na mchanga wenyewe ulikuwa wa ufukweni. Nilikataa. Mchanga wa ufukweni umejaa chumvi, na vumbi laini la mchanga huharibu mapafu ya anayepuliza kwa namna isiyotibika.

Halafu tukaosha kwa maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki. Tukaacha kidogo, tukaosha tena kwa presha. Jioni ile sikuruhusu chochote kipakwe. Niliomba bodi ibaki wazi chini ya paa mpaka baada ya magharibi, kisha tukaingia na tochi. Sakafu kavu ilikuwa imetoka madoa meusi yenye unyevu, madogo kama punje za pilipili manga, yamekusanyika kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya bolti. Kila doa ni kishimo ambacho bado kina chumvi, kimeshaanza kunywa hewa ya usiku. Yalizungushiwa chaki. Kesho yake kazi ilikuwa ni hayo tu: maji moto, brashi ngumu, suuza, ngoja usiku, tazama tena. Kwa uhakika zaidi tuliazima kipimo kidogo cha chumvi ya maji kutoka kwa muuza maji ya kunywa. Unalowesha kitambaa safi kwa maji safi ya kuongezea betri (si asidi), ambayo hayana chumvi, unakilaza juu ya bati, unakikamua na kupima. Kipimo kilipokuwa hakipandi tena kwa kiasi cha maana, ndipo tuliposema imetosha.

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote na haina kitu cha kumwonyesha mteja. Najua ni vigumu fundi kudai malipo ya kuosha bati. Lakini kama pesa za mwenye gari hazitoshi kwa yote, heri apunguze kwenye rangi kuliko kwenye maji.

Matundu hayakuzibwa tena kwa puti. Bati lililooza lilikatwa mpaka likapatikana chuma kizima, kikachomelewa kipande kipya. Vishimo ambavyo grinda haikufika vilipakwa dawa ya kugeuza kutu yenye tanini, ya jamii ile ile iliyomo kwenye magome ya mikoko, ikifika kwenye kutu inakuwa nyeusi na kutulia. Dawa hiyo ni ya mabaki madogo. Anayeimwaga juu ya magamba ya kutu akitegemea yatakuwa chuma tena, anatupa pesa.

Ikafuata praima ya epoksi ya kuchanganya, mikono miwili. Hii ndiyo inayoshika chuma na kukikinga. Bedilaina juu yake ni kinga ya praima isichubuliwe na kreti. Kati ya praima na bedilaina tuliziba maungio yote ya bati. Hapa wajenzi wa majahazi wa Lamu wanatushinda kwa adabu ya kazi: jahazi hukalafatiwa kwanza, pamba ikaingizwa kila mwanya wa mbao, ndipo mafuta yapakwe. Mafundi wengi wa magari hupitisha rola juu ya ungio wakidhani rangi itajaza mwanya. Haijazi. Inatengeneza daraja jembamba, gari likijipinda barabarani daraja linapasuka, maji yanavutwa ndani na hayatoki. Gundi ya kuziba iwe ya poliyurethani. Silikoni isitumike, rangi haishiki juu yake.

Matundu ya kutolea maji nayo yalizibuliwa. Kazi ya kwanza iliyafunika yote kwa bedilaina, bodi ikawa beseni. Safari hii kila tundu liliwekewa kijiti wakati wa kupaka na kingo zake zikarudiwa kwa brashi ndogo.

Bedilaina yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko yote. Mkono mwembamba, ukangojewa, kisha mwingine mwembamba. Ya kopo moja inapokauka hutoa gesi, na kwenye hewa yetu yenye unyevu mwingi juu hugandamana haraka. Ukimwaga nene, gesi hunaswa na kuacha vitundu kama vya mkate wa mofa, na kila kitundu ni njia ya maji. Kopo lililofunguliwa limalizwe siku hiyo, kesho litakuwa jiwe.

Jambo la afya nalisema kwa mkazo. Dawa hizi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na akishaipata hata harufu ndogo humrudishia. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu. Kwa rola na brashi ni nje penye upepo, glavu, na barakoa yenye makopo ya kuchuja mvuke. Kwa kupuliza, anayepuliza anatakiwa avute hewa safi inayoletwa kwa mpira. Vijana wa gereji zetu wanapuliza wakiwa wamefunga fulana puani, na watoto wanatazama mlangoni. Hilo linaniumiza kuliko kutu yoyote.

Kazi ilipokauka mzee aliomba jambo moja: "Iliyobaki tupake chesisi, tumalize kabisa."

Nilimkatalia kwa heshima, tukabishana kidogo. Chesisi ya pikapu ni bomba la pembe nne, linaoza kuanzia ndani, mahali rola haifiki. Kuipaka nje ni kuificha tu, na chini ya gari kuna mabomba ya breki na raba ambazo hazitakiwi kufunikwa. Kuna sababu nyingine inayowahusu wanunuzi. Chesisi isiyofunikwa unaweza kuigonga kwa nyundo ndogo, ukasikia palipo pazima panalia na palipooza panajibu kwa mlio mfu. Ukiona pikapu kuukuu inauzwa na chini yote ni nyeusi mpya, omba ruhusa ya kugonga na kukwangua kidogo. Mwenyewe akikataa, shika njia.

Kwa chesisi ya mzee tulitumia nta laini ya kuzuia kutu, ile inayotambaa na haikauki ikawa gome. Tuliipuliza ndani ya fremu kwa mpira mrefu mwembamba kupitia kwenye matundu yaliyopo. Majirani walishauri mafuta machafu ya injini, jinsi wengi wanavyofanya. Mafuta hayo yana asidi na masizi ya injini, hulainisha raba mpaka zivimbe, na yakidondoka huingia ardhini, kwenye visima vile vile.

Gari limeshapita masika na kusi nyingine. Sakafu haina lengelenge. Ukingoni mwa kilango cha nyuma, mahali kreti hukokotwa, bedilaina imechubuka mpaka praima ikaonekana, na palirudiwa kwa brashi siku hiyo hiyo kabla chumvi haijapata nafasi. Rangi imepauka kwa jua, jambo la kawaida kwa bedilaina zisizo na kinga ya juu, na halina dhara. Magunia ya chumvi sasa hulazwa juu ya turubai. Jioni bodi inamwagiwa maji ya mfereji, kilango kikiwa wazi na pua ya gari ikielekezwa juu ya kiinuko ili maji yote yatoke, na kaskazi ikianza fremu hupuliziwa nta upya.